Tonton Aliyekufa kwenye Shuka Jeupe

Papa, baba yangu, alikamatwa kwa kosa alilolifanya ndani ya filimu. Wengi niliowasimulia jambo hili hucheka kwanza, kisha hunitazama usoni na kuacha kucheka.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba ya filimu tangu mji wetu ulipokuwa bado unaitwa kwa jina la mzungu. Papa alitoka kwa watu wa mto, upande wa Isangi, Wakristo na wavuvi. Alikuja mjini kufanya useremala misheni, na padri mmoja mwenye kamera akamwona siku moja akiwaigiza askari wa sokoni, mafundi wenzake wameangusha misumeno kwa kucheka. Padri akamtafutia kofia ya polisi na rungu. Mama alikuwa wa familia za Waislamu wa zamani, wale ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara. Alipokubali kusimama mbele ya kamera ya padri na kumsuta mume wake, ndugu zake walikata mguu kwetu. Aliyeendelea kuja ni mdogo wake wa kiume peke yake. Huyo tulimwita Tonton, yaani mjomba.

Tonton ndiye aliyeendesha mashine ya filimu. Filimu za padri hazikuwa na sauti, kwa hiyo ndiye pia aliyesimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti cha bati, akiwaeleza watu kwa Kiswahili na Lingala kinachotokea. Yeye na padri walizunguka na gari la misheni, Yangambi, Lubunga, hadi vijiji vya ndani kabisa ambako watu walikuwa hawajawahi kuona picha ikitembea.

Filimu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya polisi mlevi. Papa alikuwa polisi huyo. Alinyang'anya wanawake karanga, akaanguka matopeni, akapigia saluti mbuzi. Mwishoni, kwa ulevi wake, alimpiga muuza samaki rungu la kichwa na yule mtu akafa. Padri alitaka watu waogope pombe. Hakuna aliyekubali kuigiza maiti, kwa maana kujilaza kama mfu ni kukiita kifo kwa jina. Mama alikataa katakata mtu wa nyumbani kwake asifanye. Tonton akasema yeye haogopi. Damu yake ilikuwa mawese yaliyochanganywa na makaa. Mimi, mtoto mdogo, niliwekwa kifuani kwake nilie, nikalia kweli, kwa sababu hakuniitikia nilipomwita. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya filimu.

Uhuru ulipofika, padri aliondoka na kamera yake. Mashine ya kuonesha na makopo ya filimu vilibaki misheni, funguo akiwa nazo Tonton. Papa alifurahi kuliko watu wote wa mtaa wetu.

"Sasa tutacheza filimu zetu wenyewe," alimwambia Mama. "Mimi sitakuwa tena mulevi. Nitakuwa dokta, nitakuwa jaji. Utaona."

Alivaa koti lake na kwenda kwenye ofisi za serikali mpya, hadithi nzima ya filimu ikiwa kichwani. Walimwambia arudi. Aliporudi, yule aliyemwambia arudi alikuwa hayupo, ameondolewa, na mwingine kwenye kiti kile hakujua anazungumzia nini. Ikawa hivyo miaka yote ile, serikali zikibadilishana, askari wakiasi na kutulizwa na kuasi tena. Useremala wa misheni ukaisha. Tulikula fufu ya mihogo na pondu ya majani yake, isiyo na chumvi. Papa akaanza kwenda baa kuigiza polisi wake ili watu wamnunulie bia, na mara nyingine chakula cha kutuletea. Nilimwona kwa dirisha mara moja, mtu mzima, amelala sakafuni kati ya meza, akipigia saluti miguu ya kiti. Wenye pesa hawakuwa hata wakimtazama. Alipoinuka alijipangusa magoti taratibu, kama mtu anayejitayarisha kwenda kanisani.

Kisha waasi waliingia mjini. Waliingia mchana, majani yamefungwa vichwani, na askari wa serikali walitupa sare zao mitaroni wakakimbia na kaptula. Mwanzoni tulipiga makofi. Wengi wao walikuwa watoto wa vijijini, wenye njaa kuliko sisi, na walituambia uhuru wa kwanza uliibwa, wameleta mwingine. Baadaye walianza kuchagua watu. Walimchukua aliyekuwa karani, na mwalimu, na yeyote aliyejulikana kufanya kazi na wazungu.

Mama alimwambia Papa asitoke. Papa akajibu, "Mimi si karani. Mimi ni mutu wa kuchekesha. Nani ataniua?"

Alikwenda sokoni kutafuta samaki. Kijana mmoja mwenye bunduki alimtazama, akamfuata, akamtazama tena. Alikuwa mtu wa kijiji cha mbali, upande wa msituni, ambako gari la misheni lilifika alipokuwa mtoto.

"Ule ni polisi," akawaambia wenzake. "Aliua muuza samaki. Miye mwenyewe niliona na macho yangu."

Wanawake wa sokoni walimwambia ni filimu. Hakujua filimu ni nini, alijua alichokiona. Walimfunga Papa mikono kwa kamba na kumpeleka kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliyekimbia, kando ya mto, ambako mkubwa wao alikuwa akikaa.

Tulikwenda watatu, Mama, Tonton na mimi. Mkubwa huyo alikuwa kijana, mwembamba, mwenye kikohozi. Alitupokea kwa adabu kwenye baraza na kumpa Mama kiti.

"Chef, ilikuwa mchezo," Mama alisema. "Mutu aliyekufa ni huyu mudogo wangu. Muangalie, iko muzima."

"Vijana wangu wanasema waliona, Mama."

Hapo Tonton akasema maneno ambayo hadi leo natamani angeyameza. "Bon, tuwaoneshe filimu yenyewe. Wataona nakufa, kisha wataniona nasimama. Watajua ni kazi tu."

Mkubwa akakubali. Wapiganaji waliichukua mashine misheni, wakatoa mafuta ya jenereta, na jua lilipozama tu filimu ikaanza, shuka limetundikwa kwenye ukuta wa ua. Wapiganaji walikaa chini, wengi kupita nilivyotarajia. Papa aliketishwa mbele, mikono nyuma.

Walicheka. Walicheka kama watu wanavyocheka kila mahali, wakipigana mabega, na nikaona mgongo wa Papa ukilegea. Tonton alieleza vizuri kuliko siku zote. Mbuzi alipopigiwa saluti, hata mkubwa alicheka hadi kikohozi kikamkamata. Nikamshika Mama mkono. Nilidhani tumepona.

Halafu rungu likashuka. Muuza samaki akaanguka, damu nyeusi ikamtoka, na mimi mdogo nikatokea kwenye shuka, nikilia juu ya kifua chake. Kicheko kilikatika. Tonton alikuwa akisema kwa kipaza sauti kwamba ni mchezo, ni mawese, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena. Mpiganaji mmoja alisimama akampiga Papa kwa kitako cha bunduki. Papa akaanguka ubavu. Mwingine akamwelekezea mtutu kichwani.

Tonton aliiacha mashine ikizunguka na kukimbilia mbele, kwenye mwanga. Picha zikawa zinapita usoni mwake na kwenye shati lake, na nyuma yake, ukutani, alikuwa amelala amekufa.

"Niangalieni," alisema. "Yule ni mimi. Yule pale ni mimi."

Walimwangalia, wakaangalia ukuta. Mzee aliyekuwa akiwanyunyizia maji ya dawa kabla ya vita, ili risasi zisiwaingie, alisogea akamshika kipaji cha uso, akapapasa mahali rungu lilipopiga. Hapakuwa na kovu.

"Ulikufa?" alimuuliza.

Mtutu ulikuwa bado kichwani mwa Papa. Tonton alimtazama Papa pale chini, akamtazama Mama.

"Nilikufa," akasema.

"Na ukaamuka?"

"Niliamuka."

Wakaanza kuimba. Walimbeba juu juu, na aliyekuwa ameshika bunduki aliiteremsha ili apate kumgusa. Papa alisahauliwa pale chini. Mama ndiye aliyemfungua kamba.

Asubuhi Mama alirudi kwa mkubwa kumwomba ndugu yake. Nilikuwa naye. Mkubwa aliwafukuza walinzi wake kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini.

"Mama, mimi nilisoma kwa mapadri. Filimu nimeziona tangu mutoto. Najua ule hakufa."

"Alors, nirudishie mutoto wa mama yangu."

"Vijana wangu walikuwa wameanza kukimbia kule mbele. Maji hayawasaidii, wanaona wenzao wanaanguka. Tangu jana hakuna anayesema kukimbia. Nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli utamuua bwana yako leo. Na mudogo wako, kwa sababu aliwadanganya. Pengine na mimi." Alikohoa, akafuta mdomo. "Atatembea mbele tu. Hatapewa bunduki."

Mama alipiga magoti. Mkubwa alitazama mto hadi Mama aliposimama.

Walimvusha Tonton kwenda Lubunga kwa kivuko, ili kutoka pale aende na kundi kusini. Walimvika majani na ngozi, wakampaka chokaa usoni. Walituruhusu tumuage. Alikuwa akitetemeka, na wapiganaji walidhani ni roho zinazomtingisha. Papa, jicho limefumba kwa uvimbe, alitaka kumwangukia miguuni, na Tonton akamshika kwapani haraka.

"Simama, shemeji," alimnong'oneza. "Wanatuangalia."

Kisha akaniinamia. "Na wewe usilie. Ukilia watajua naogopa."

Sikulia. Nilisimama nimeinua kidevu kama mtoto wa nyumba yenye bahati, nikapunga mkono, na wanawake waliokuwa karibu wakanisifu. Nimeigiza miaka mingi tangu siku ile, na sijapata tena kazi ngumu kama ile.

Tulingoja. Mama alipika chakula cha Tonton kila siku na kukifunika. Papa alikaa mlangoni akiutazama mto. Habari tulizosikia zilipingana, ameshinda, amekamatwa, yuko Ubundu. Halafu mchana mmoja kijana mmoja akaja kwetu akichechemea, mguu umefungwa matambara yanayonuka. Alikuwa yule yule wa sokoni, aliyemtambua Papa. Aliomba maji, Mama akampa. Alikaa kwenye kizingiti na kusema alichokuja kusema.

Tonton alitembea mbele, kama alivyoamriwa, mikono mitupu. Bunduki za serikali zilipoanza, alianguka wa kwanza. Wapiganaji hawakukimbia. Walimngoja. Walilala chini kumzunguka, wengine wakipigwa, na bado wakangoja ainuke. Waliokimbia mwishowe walikuwa wachache tu.

Kijana alimtazama Mama. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa.

"Mama, kwa nini hakuamuka?"

Mama alichukua kikombe, akaingia ndani. Papa alibaki na yule kijana kizingitini, wote wawili wakitazama chini, hadi kijana alipojiinua na kwenda zake.

Baada ya hapo ndege zilimwaga askari, na magari ya serikali yakaingia na wazungu wa kukodiwa, na kila aliyeonekana amekaa na waasi akawa anatafutwa. Watu walikuwa wamemwona Papa kwenye nyumba ya mkubwa. Tulivuka kwa mtumbwi na kujificha kwenye mashamba ya mihogo ya Lubunga, mvua ikitunyeshea, tukila mizizi mibichi. Mara kwa mara Papa alisema atoke ajisalimishe, apigwe risasi, yaishe. Mama alimshika shati, hakumwachia hata akilala.

Tuliporudi mjini milango mingi ilikuwa imevunjwa, na Papa alirudia useremala, akitengeneza milango. Hakuigiza tena. Watoto wakimpigia saluti njiani, alivuka upande wa pili. Aliniambia neno moja tu kuhusu mambo yale, tena miaka baadaye, siku nilipochaguliwa kwenda Kinshasa kwenye kundi la maigizo. Nilitarajia anikataze.

"Uende," alisema, randa mkononi. "Lakini wakikuuliza ni kweli au ni mchezo, usijibu mpaka ujue nani anauliza."

Nilikwenda. Nilicheza jukwaani, kisha kwenye filimu za watu waliokuja na kamera kubwa, karibu siku zote mama wa mtu, mjane, mwenye kulia. Walinisifu kwa kulia. Sikumwambia mtu nilijifunzia wapi. Papa alifariki nikiwa kazini, mbali, na hakuwa ameona hata filimu yangu moja.

Mama ndiye aliyebaki kuniumiza. Ndugu zake walikuwa wamerudi kwetu baada ya vita, wakataka kumsomea Tonton hitima. Mama alikataa. Nilidhani ni hasira kwa sababu walimtupa zamani. Siyo. Aliniambia hawezi kumsomea mtu ambaye hakuna aliyemzika, na ambaye alikufa mara moja akaamka. Mama, aliyechanganya mawese na makaa ya ile damu kwa mikono yake. Nilimkumbusha. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda kufunika chakula.

Aliendelea hivyo hadi uzeeni. Halafu, nilipokuja kumtazama akiwa mgonjwa, aliniagiza nimwite shehe. Walikuja wazee wachache tu, wakakaa mkekani wakasoma. Jina la mdogo wake lilipotajwa kati ya marehemu, Mama, aliyelala nyuma ya pazia, aliitikia amina. Nilimsikia vizuri. Alifariki kabla mvua hazijaisha, nikamzika, na wiki ile ile nikarudi Kinshasa, kwa sababu watu wa filimu walikuwa wananingoja na sikujua kazi nyingine.