Kikohozi cha Gia ya Pili

Inatangazwa kwa wanachama wote wa klabu, pamoja na wageni wao, kwamba kuanzia Jumamosi ijayo ni marufuku kusaga gia mbele ya veranda wakati wa chai.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa klabu moja ya wazungu pale Ruiru, katikati ya miaka ya hamsini. Nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, na watu walikuwa wakizolewa kwa malori. Klabu nayo ilikuwa na shughuli zake.

Ni tangazo hilo lililomfikisha baba yangu, mtu mwenye mapafu mazima, katika wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Jina lake lilikuwa Barasa. Alikuwa dereva katika shamba la kahawa upande wa Juja. Kabla yake dereva alikuwa Gachanja, ambaye askari walimchukua asubuhi moja, injini ikiwa bado inanguruma. Barasa akapewa kofia ya Gachanja, kazi ya Gachanja na nyumba ya mawe ya Gachanja. Hakuuliza maswali. Mkewe, Nelima, alikuwa na mimba kubwa, na nyumba hiyo ilikuwa na paa lisilovuja.

Mwenye shamba alikuwa na jina lake la kizungu, lakini wafanyakazi walimwita Bwana Kisiagi. Alikuwa amenunua gari la michezo, jekundu, la viti viwili tu, na kila alipobadilisha gia lilitoa sauti ya kisiagi kinachosaga mahindi yenye mawe.

Tangazo halikumtaja. Halikuwa na haja.

Mwezi huohuo klabu ikaandaa mashindano: kila mwanachama aendeshe gari lake mwenyewe kutoka Ruiru hadi Thika, mkewe akae kando yake, ameshika glasi iliyojaa maji. Atakayefika na maji mengi zaidi apewe kombe. Kusaidiwa ni marufuku.

Bwana Kisiagi akamwita Barasa.

"Wewe nafundisha mimi gia."

"Ndiyo, Bwana."

"Kombe hapana kuja, nyumba mimi napa mtu ingine. Sikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Tatizo la kwanza lilikuwa la kiti. Mwafrika hakuweza kuonekana ameketi ubavuni mwa mzungu kana kwamba wanakwenda arusi moja, na gari lile halikuwa na kiti cha nyuma. Hivyo Barasa akaketi juu ya buti, miguu kwenye bampa, mikono imelikumbatia gurudumu la akiba.

Tatizo la pili lilikuwa la adabu.

Gia za gari lile zilihitaji klachi mara mbili. Unakanyaga, unatoa gia, unaachilia. Unatia mafuta kidogo, unakanyaga tena, ndipo gia inaingia. Ukiwahi, inalia. Ukichelewa, inalia zaidi. Nafasi yenyewe ni fupi kuliko kufumba jicho.

"Bwana," Barasa akasema kutoka nyuma, gari likipanda mlima, "kama Bwana atapenda, sasa ingefaa Bwana akanyage kla..."

Gia ikalia.

"Wewe nachelewesha mimi!"

"Samahani, Bwana."

Siku ya pili alifupisha. "Klachi," akasema.

Gari likasimama. Bwana Kisiagi akashuka, akavua glavu, akampiga kofi, akaivaa glavu tena.

"Nani natuma nani hapa?"

"Bwana ndiye anatuma."

Barasa alirudi shambani akikimbia nyuma ya gari, mdomo wazi, akila vumbi lote la Murera.

Kwa hiyo palikuwa na maneno ya adabu, ambayo yalikuwa marefu, na maneno mafupi, ambayo yalikuwa amri. Lugha haikuwa na neno la tatu.

Neno la tatu lililetwa na vumbi. Siku iliyofuata, wakiteremka kuelekea mto Ndarugu, Barasa alikohoa. Bwana Kisiagi akashtuka, akakanyaga klachi. Barasa akakohoa tena. Bwana akakanyaga tena, na gia ya pili ikaingia kama mkono unaoingia katika mfuko wake wenyewe.

Bwana akapunguza mwendo.

"Kohoa tena," akasema Bwana.

Kikohozi si amri. Hata mbwa hukohoa mbele ya bwana wake, na hakuna anayeambiwa amekosa heshima. Tangu hapo Barasa akawa anakohoa: cha kwanza, klachi, cha pili, klachi na gia. Alikohoa asubuhi, alikohoa jioni, hadi koo likawa kidonda na sauti ikabaki ya kuazima.

Odhiambo, mpishi wa nyumba kubwa, alimsubiri kwenye mlango wa jiko.

"Omera, ndugu yangu, hicho kikohozi ni cha mshahara ama cha kaburi?"

"Ni cha nyumba."

"Basi kohoa vizuri. Nyumba ni mbili, hata ile nyingine haivuji."

Nyumbani, Nelima hakucheka.

"Baba Nasimiyu," akamwambia, akimpa maji ya tangawizi. Nasimiyu alikuwa binti yao wa kwanza, waliyemwacha Bungoma kwa nyanya yake. "Utamfundisha mpaka lini?"

"Mpaka ashinde."

"Na akishinda?"

"Tutakaa. Utazaa ukiwa chini ya paa."

Siku ya mashindano, Memsaab, mke wa Bwana, aliketi na glasi yake, Barasa akapanda buti. Mwanachama mmoja akauliza yule wa nyuma ni wa nini. Bwana Kisiagi akajibu kwamba ni wa kubadilisha gurudumu likipasuka. Hakuna aliyeona ajabu.

Barasa alikohoa kutoka Ruiru hadi Thika. Alikohoa kwenye daraja la Ndarugu, alikohoa penye kona za mkonge, alikohoa nyuma ya kisogo cha Memsaab, naye Memsaab hakulowa hata kidole. Wake wengine walifika sketi zimeng'ang'ania mapajani. Glasi ya gari jekundu ilifika imejaa, na Bwana Kisiagi akainua kombe.

Barasa akatazama chini. Alikuwa akihesabu mabati ya paa.

Lakini gari la waamuzi lilikuwa limewafuata njia nzima, na mwamuzi mmoja alikuwa daktari wa serikali.

"Huyu boi wako anakohoa tangu lini?" daktari akauliza, mbele ya watu wote.

Bwana Kisiagi alikuwa na majibu mawili. La kweli lingesema kwamba alisaidiwa, na kwamba mtumishi ndiye aliyekuwa akimwambia la kufanya. Lingelichukua kombe, na lingechukua zaidi ya kombe.

"Siku nyingi," akasema. "Namwonea huruma tu."

Daktari akamgeukia Barasa. "Wewe nakohoa kwa nini?"

Barasa alimtazama bwana wake. Akimfanya mwongo mbele ya klabu, nyumba itakwenda leo. Akinyamaza, huenda itakwenda kesho. Akachagua kesho.

"Ni vumbi, Bwana."

"Wote wanasema vumbi," akasema daktari.

Walimpeleka wodini kwa gari lenye pazia. Jumatatu wakaja watu wa afya, wakachoma magodoro, wakapuliza dawa, wakapiga msumari kwenye mlango wa nyumba ya mawe. Nelima alikwenda na mwanamke Mkamba aliyeitwa Mwongeli, mchuma kahawa, hadi kibanda chake Kalimoni. Ndimo nilimozaliwa. Mvua ilikuwa inanyesha, na Mwongeli alishika sufuria juu ya kichwa changu.

Wodini Barasa aliacha kukohoa siku ileile. Walimpiga picha ya kifua, wakaona kifua. Walimngoja ateme damu, akatema mate. Daktari alizidi kumshuku.

Wiki chache baadaye aliisikia barabarani ile sauti ya mahindi na mawe. Bwana Kisiagi amekuja. Mashindano mengine yalikuwa yanakaribia, na mtu aliyeshinda mara moja hutazamwa zaidi.

"Nataka boi wangu," akamwambia daktari kwenye ukumbi. "Yeye si mgonjwa."

"Wewe mwenyewe ulishuhudia. Klabu nzima ilisikia."

"Nilikosea."

"Basi alikuwa akikohoa kwa nini?"

Barasa alisikia yote kupitia dirisha lililo wazi. Bwana Kisiagi alivaa glavu, akaenda zake, na gia ya kwanza ikalia hadi geti likafungwa nyuma yake.

Wasomaji wangu mtataka funzo, nami ninalo, ingawa halijawahi kumsaidia mtu. Ukimsaidia mkubwa kwa siri ili ashinde, shahidi wako mmoja tu ndiye huyohuyo mwenye haja ya kunyamaza.

Mwisho wa mwezi mkuu wa afya alitoa uamuzi, ukasomwa kitandani kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili: kwa kuwa uchunguzi haujaonyesha ugonjwa wowote, mgonjwa ataendelea kuzuiliwa wodini hadi ugonjwa utakapoonekana.