Sifuri Kila Asubuhi

Nilizaliwa Masasi, chini ya majabali, katika nyumba iliyokuwa na kisima uani. Nilipoolewa huku juu, upande wa Newala, si mbali na Makote, somo la kwanza nililopewa na wifi yangu halikuhusu kupika wala kumtunza mume. Alinifundisha maji.

"Huku hayamwagwi," aliniambia. "Ukishaosha mchele, oshea vyombo. Ukimaliza vyombo, wape kuku. Yakibaki, kuna mpapai pale."

Kwetu, kwa Kiyao, maji ni mesi. Wao kwa Kimakonde wanaita medi. Nilikuwa nikikosea kutamka, naye ananicheka mpaka anashika ukuta. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na kwa mila za hapa neno lake lina uzito kuliko la kaka zake wote. Alifiwa na mume mapema, akabaki na wajukuu ambao mama yao alikwenda mjini na habari zake zikawa za kubahatisha. Kijiji kilimpa kazi ya kusimamia bomba, kwa posho ndogo. Yeye ndiye aliyefungua asubuhi, aliyepanga foleni ya ndoo na madumu, aliyefunga. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga yake, na hata akienda msibani alikwenda nao.

Miaka michache iliyopita wakaja watu wa mradi wa maji. Walitukusanya shuleni wakatuambia kwamba simu italeta maendeleo, na mimi niliwaamini, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu: bei ya korosho tulikuwa tunaisikia kwenye simu kabla mnunuzi hajafika kutudanganya. Walitoa simu mbili ndogo za vitufe, zenye tochi. Moja akapewa wifi yangu kwa kuwa ndiye mwenye bomba. Ya pili nikapewa mimi, mwananchi wa kawaida, kwa sababu nyumba yangu inatazamana na bomba na nilimaliza darasa la saba. Kila asubuhi tutume tarakimu. Moja, maji yanatoka. Mbili, yanatoka kidogo. Sifuri, hakuna kitu. Ofisini mjini kuna ramani kwenye kompyuta, walisema, na kila kijiji kina rangi yake. Kijani ni kizuri. Chekundu, fundi anatumwa.

Tulijifunza pamoja, mimi na wifi, tumekaa barazani kwangu. Yeye alikuwa haoni vizuri vitufe, namshika kidole namwelekeza. Tulicheka sana siku zile.

Na mwanzoni simu ilifanya kazi. Bomba lilipasuka njiani, nikatuma sifuri, na kabla wiki haijaisha fundi akafika na pikipiki. Maji yalipotoka wanawake walipiga vigelegele, na binti mmoja jirani yangu, mke wa kijana aliyekuwa na shamba lililopakana na letu, akaniita Mama Maji. Jina likashika. Hata sheikh wa msikiti wetu alinisalimia hivyo. Nitasema kweli, lilinipendeza.

Kisha kikaja kiangazi. Mikorosho ilitoa maua, ikaanza kuangusha mabibo, na bomba likakauka. Tumezoea bomba kukauka siku mbili tatu. Safari hii halikurudi. Visima vya kukingia mvua vya wenye paa za mabati navyo vikaisha, vikabaki na tope na vyura. Tukaanza kushuka bondeni kwenye chemchemi, kama walivyoshuka bibi zao, kwa njia ile ya mteremko ambayo kushuka unaomba Mungu na kupanda unamwomba zaidi.

Kila asubuhi, kabla sijachukua dumu, nilituma sifuri. Na kila asubuhi simu ilinijibu: "Asante. Taarifa yako imepokelewa."

Yule binti jirani alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Alikuwa anapita mlangoni kwangu kila siku.

"Shikamoo Mama Maji. Wamesema nini leo?"

"Marahaba mwanangu. Wamesema asante."

"Asante ya nini tena?"

Mwanzoni tulicheka. Baadaye akawa haulizi, ananitazama tu. Wengine hawakunitazama. Maneno yalianza chini chini: kwamba ni mimi na simu yangu tunaofunga maji, kwamba nimetoka Masasi, nitakuwaje na uchungu na watu wa huku, kwamba napewa chochote kwa kila sifuri. Mwanamke mmoja alinitolea maneno kwenye njia ya bondeni, mbele ya watu: "Mama Maji, mbona na wewe umebeba dumu? Si ubonyeze yatoke?" Niliporudi nyumbani nikamwambia mume wangu nataka kurudisha simu. Akasema, "Ukirudisha watasema ulikuwa na hatia." Nikaendelea kutuma.

Asubuhi iliyobadilisha mambo tulikuwa tumeshuka kundi zima. Wakati wa kupanda, yule binti alikuwa mbele yangu kidogo, dumu kichwani, mkono mmoja umeshika mgongo. Nilimwambia ampe mwenzake dumu. Akasema, "Nikiacha leo, kesho nitakunywa nini?" Palepale mguu ukateleza kwenye changarawe. Sikuona alivyoanguka. Nilisikia dumu likibiringika, likigonga mawe mpaka chini, na baada ya hapo nikamsikia yeye.

Nilitoa simu. Kule chini mtandao wetu haufiki. Bonde linatazama Ruvuma, hivyo simu ilishika mtandao wa ng'ambo, ikanionyesha ujumbe wa kunikaribisha Msumbiji. Nikawaacha wenzangu wanamfunga mguu, nikapanda mbio, nimeinua simu juu, kila nikisimama naiangalia, bado Msumbiji, napanda tena. Iliposhika nilikuwa sina pumzi ya kusema. Nikampigia muuguzi wa zahanati, nikampigia kijana wa bodaboda, nikampigia mume wake. Wanaume wakashuka na miti miwili na blanketi, wakafunga machela, wakampandisha. Wifi yangu alikuwa anatusubiri juu. Alipoona damu, alivua kanga aliyojitanda akamfunika yule binti, akatembea kando ya machela akimwita mwanangu, mwanangu, mpaka zahanati. Gari la wagonjwa likatoka Newala mjini, wakamteremsha mpaka hospitali ya Ndanda.

Mguu waliuunga. Mtoto alizaliwa huko huko, wa kiume. Hakulia.

Mume wake alinipigia kunipa habari, na kabla hajakata akaniambia, "Asante kwa simu yako, mama. Bila simu ningewapoteza wote wawili." Asante ile ilinichoma kuliko matusi yote ya njiani. Simu ilikuwa imemwokoa yule binti kutoka kwenye njia ambayo asingeipita kama simu hiyohiyo ingesikilizwa.

Nikatafuta namba ya mradi. Aliyepokea alikuwa msichana mwenye sauti ya upole. Nilimweleza yote kwa hasira. Akaniomba nitulie, nikasikia anabonyeza.

"Mama," akasema, "hapa kijiji chenu ni cha kijani."

"Kijani kwa vipi? Natuma sifuri kila siku ya Mungu!"

"Zako zinafika, mama, nazikuta. Ila taarifa zikitofautiana, tunachukua ya mhudumu wa bomba. Yeye ndiye mwenye ufunguo. Na yeye anatuma moja."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Ng'ambo ya njia wifi yangu alikuwa anafagia mbele ya bomba, kama alivyofagia kila siku, anakusanya majani ya mkorosho pembeni, mahali pasipo na tone. Nilimwambia yule msichana nitampigia tena.

Jioni, jua bado liko juu ya mikorosho, nikaenda kwake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mbaazi. Nikamsalimia, akaitika, akanisogezea kigoda.

"Wifi," nikamwuliza, "asubuhi huwa unatuma nini?"

"Natuma."

"Unatuma nini?"

Hakuinua uso. "Moja."

"Lakini maji hayapo."

"Yatakuja. Yakija itakuwa kweli."

Aliendelea kuchambua, wadudu huku, mbaazi huku. Halafu akazungumza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Siku ile shuleni, wewe umetoka nje na mjukuu wangu, mmoja wao alisema bomba likilala sana watalifunga na kulihamishia kijiji kingine. Sasa mimi nikasimamie nini? Nina hawa." Alionyesha kwa kidevu wajukuu waliokuwa wanacheza uani. "Huu ufunguo ndio mume wangu sasa."

"Na yule binti?"

Mikono ikasimama.

"Kanga niliyomfunika ilikuwa ya msiba wa marehemu mume wangu," akasema. "Usinifundishe kulia."

"Basi kesho tuma sifuri, wifi. Nami nitatuma. Yaishe, hakuna atakayejua."

Akarudi kwenye mbaazi zake. "Nikituma sifuri kesho, watauliza jana ilikuwaje. Tuma wewe. Wewe ndiye Mama Maji."

Usiku huo mimi na mume wangu hatukula vizuri. Nilimsimulia. Akasema, "Yule alinibeba mgongoni. Fanya unavyoona, lakini mimi usiniulize." Nilimwelewa, na nilimkasirikia, na mpaka leo yote mawili yapo.

Nilisubiri siku kadhaa. Nilitumaini wifi atabadili mwenyewe. Kila asubuhi nilimchungulia akitoa simu yake, anaisogeza karibu na macho, anabonyeza. Simu yangu ilijibu asante. Wanawake walipita na madumu kuelekea bondeni, na miongoni mwao sasa alikuwapo mtoto wa shule aliyechukua nafasi ya yule binti, kumchotea maji mama mkwe wa binti huyo. Nilipomwona huyo, nikawapigia simu watu wa mradi. Sikumtaja wifi. Nilisema tu: "Msiangalie ramani. Njooni muangalie bomba."

Walikuja na mafundi. Valvu, ile koki kubwa ya njiani, ilikuwa imeharibika porini, sehemu ambayo hakuna anayepita. Kazi yenyewe haikuwachukua muda. Bomba lilikohoa, likatema tope jekundu, halafu likatoa maji. Watu walipiga vigelegele tena, wakaniita Mama Maji tena, kama vile hawakuwahi kusema lingine. Niliingia ndani.

Sikumtaja, lakini hapakuwa na haja. Waliitisha mkutano palepale bombani, wakasoma hadharani nani alituma nini. Nadhani hawakukusudia ukatili. Walikuwa wageni, waliona ni suala la takwimu kuwa sahihi. Wifi yangu alisimama mbele ya watu aliowapangia foleni miaka yote. Alifungua pindo la kanga polepole, maana fundo lilikuwa limekazwa sana, akatoa ufunguo, akauweka juu ya zege la bomba. Juu yake akaweka simu. Kisha akaondoka na wajukuu wake wakimfuata. Kazi akapewa mwanamke mwingine.

Yule binti alirudi kutoka Ndanda na mkongojo. Siku ya kwanza aliyofika bombani alisimama akitazama maji yanavyojaa ndoo, hana furaha wala hasira.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," akasema.



Wajukuu wa wifi waliacha kuja kula kwangu. Nikimpita njiani na kumwamkia shikamoo, huitika marahaba, kwa sababu salamu hainyimwi mtu, na baada ya hapo hakuna neno. Mume wangu humpelekea mahindi na mbaazi. Najua, najifanya sijui. Mradi wenyewe uliisha muda wake na magari hayaji tena. Simu walituachia. Bado natuma tarakimu yangu asubuhi, na jibu la asante haliji siku hizi. Sijui kama kuna mtu anayepokea.

Juzi nilimkuta wifi bombani, mwisho wa foleni kama mtu yeyote. Wanawake walimwambia apite mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika alijaza dumu, akatafuta mtu wa kumtwisha, na kila mtu alikuwa na mikono imejaa. Nikasogea. Nilidhani atalikokota chini kuliko kunipa. Alisimama kidogo, akakunja kata ya kanga, akaiweka kichwani, kisha akainama mbele yangu. Nikainua dumu nikamtwisha. Akalishika kwa mkono mmoja, akaenda zake.

Nyumbani mume wangu aliuliza kama amesema chochote.

"Hapana," nikamwambia. "Lakini aliinama."