Zamu ya Ng'ambo

Halmashauri ilinipa mkataba wa muda na kazi moja: kusimamia ukaguzi ili mtambo wetu mdogo wa umeme wa maji uhuishiwe leseni. Ukinyimwa unafungwa, na zahanati ya kijiji chetu inarudi kuzalisha wajawazito kwa tochi za simu.

Sharti gumu lilikuwa hili: hata mtambo ukiwa unazunguka, lazima maji mengine yaendelee kupita mtoni chini ya banio, ukuta unaokinga maji na kuyaelekeza mtamboni. Kiangazi hayatoshi. Juu ya banio watu wanalima vinyungu, bustani za bondeni, na kila upande wa mto una siku zake za kufungulia mifereji.

Ukaguzi ulipangwa Jumanne, zamu ya upande wetu. Niliwaomba majirani wasifungulie, wakakubali. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziba mfereji wake, maharage yakiwa yameanza kunyauka. Baada ya hapo nikahangaika na mengine yote. Viti vingetosha? Wageni wangekunywa soda kwenye baridi ya Njombe? Kiongozi wao nimwite mhandisi au mheshimiwa?

Jumanne asubuhi mto ulijaa vizuri mpaka nikataka kulia. Kisha simu ikaita: gari lao limeharibika Makambako, wangekuja kesho.

Kesho ilikuwa zamu ya ng'ambo. Huko sikuwa nimemwomba mtu yeyote.

Nilivuka jioni. Mama mmoja alikuwa anamenya viazi uani na mumewe.

"Kamwene, mwanangu. Baba, hebu ona, bwana umeme leo kavuka mto!"

"Mama, naomba kesho msifungulie. Siku moja tu."

"Wa kwenu uliwaomba lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na sisi?"

"Nilidhani haitahitajika."

Mumewe akacheka. "Amesoma huyu. Anajua mpaka nani hahitajiki."

"Viazi vyangu vina kiu," mkewe akasema. "Nikikupa maji, utakuja kuvimwagilia leseni?"

Niliomba mpaka sauti ikakauka. Alinifungia viazi vya kupeleka nyumbani. Maji hakunipa.

Jumatano mkaguzi alisimama chini ya banio akitazama mawe makavu.

"Hapa maji hupita?"

"Jana yalipita, mheshimiwa."

Alinitazama kwa huruma, nikaishiwa akili. Nikamkimbilia mwendeshaji wa mtambo nikamwambia auzime. Mngurumo ukakata. Maji yakamwagika juu ya banio, yakateremka kwenye mawe, yakafika kwenye viatu vyetu. Nikageuka kwa mkaguzi kama mtu aliyeshinda.

"Kwa hiyo mnaweza kuwa na mto, au mkawa na umeme," alisema taratibu. "Vyote viwili hamuwezi."

Simu ya mwendeshaji ikaita. Ni nesi wa zahanati, anauliza umeme unarudi saa ngapi.