Sampuli Zibaki Morogoro

Ufadhili ule ulikuwa wa watafiti wachanga, na hupati usipokuwa na mwenzako wa nchi nyingine. Mimi nilikuwa naye. Tulikutana kwenye mkutano Nairobi, yeye akitokea Brazili, tukagundua kwamba sote tunahangaika na ugonjwa mmoja, mnyauko wa viazi mviringo. Tukaandika mradi pamoja.

Siku ya usaili nilikaa ofisini kwa mkuu wangu wa idara, Morogoro mjini, maana kwake ndiko mtandao ulikokuwa na afadhali. Mvua ilikuwa imeufunika mlima wote na umeme ulichezacheza tangu asubuhi. Mzee, kama tulivyomwita wote, alivuta kiti nyuma yangu.

"Usibishane nao, mwanangu," alisema. "Ukiulizwa, jibu, kisha nyamaza."

Sura za wasaili zikatokea kwenye kompyuta. Kisha akatokea mwenzangu, na kando yake profesa wake, mkuu wa maabara yao. Sikuwa nimeambiwa kwamba angekuwepo.

"Sampuli za vimelea zitahifadhiwa wapi?" aliuliza mwenyekiti.

Kabla sijafungua mdomo, profesa akajibu: zote zitasafirishwa kwake, na huko zitabaki.

Nilimkumbuka mama mmoja mkulima wa Mgeta, huko milimani, ambaye viazi vyake vilinyauka matutani vikiwa karibu kuvunwa. Nilipomwamkia aliitikia marahaba bila kuacha kulima. "Wenzako walishakuja," aliniambia. "Wakabeba udongo, wakabeba viazi. Tukasubiri watuambie shamba linaumwa nini. Mpaka leo." Nilimwahidi kwamba majibu nitayapandisha mwenyewe.

"Samahani," nikasema. "Sivyo tulivyoandika. Sampuli zitabaki Morogoro. Kitakachosafiri ni sehemu tu, kwa makubaliano."

"We!" Mzee alininong'oneza kwa ukali.

Profesa alitabasamu. Akauliza kama tuna friji inayostahimili umeme wetu. Swali lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la kweli.

"Hatuna," nikajibu. "Ndiyo maana tunaomba ufadhili."

Kisha nikamsikia mwenzangu, taratibu, akiwa ameinamisha kichwa: "Namuunga mkono. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana." Profesa akageuka kumtazama. Hapo hapo umeme ukakatika, kompyuta ikazima, nasi tukabaki tunasikiliza mvua juu ya bati.

"Umekata tawi ulilokalia," alisema Mzee. "Na la mwenzako pia."

Wiki zilizofuata nilishinda nikifungua barua pepe. Mwenzangu aliniandikia kwa ufupi kwamba profesa hamsemeshi tena, na ameambiwa atafute maabara nyingine. Nilianza kumjibu nikafuta, nikaanza tena.

Jibu la wafadhili lilipokuja, nililisoma nimesimama koridoni. Tumepata, ila mwenzangu aonyeshe kwanza taasisi itakayompokea. Alikuwa ameshaipata, ndogo, katika mji mwingine. Mzee alisoma, akavua miwani, akanishika bega.

Nilimpigia simu mwenzangu. Alikuwa akipanga vitabu vyake kwenye maboksi, na kwa sauti yake nilijua alikuwa amelia.

"Unajuta?" nikamuuliza.

"Leo, ndiyo," akasema. "Niulize tena nikifika huko kwenu." Kisha akaniuliza kama Mgeta kuna baridi.

"Kali," nikamwambia. "Beba sweta."