Jiwe Lililoangukia Jaruba la Magu

Nilisomea vimondo, mawe yanayoanguka kutoka angani, kwa miaka saba nchi za watu. Niliporudi Mwanza hapakuwa na kazi ya vimondo, nikapangiwa kufundisha jiografia katika chuo kimoja cha ualimu. Majirani zangu wa Igogo walijua napenda mawe. Waliniletea mabonge ya chuma kilichoyeyuka, mawe meusi ya ufukweni, hata kipande cha lami. Nilivigusisha sumaku, nikavitazama kwa lenzi, nikasema siyo. Kwa miaka kumi na tisa, sayansi yangu yote ilikuwa kusema siyo.

Siku lilipoanguka jiwe la kweli nilikuwa darasani. Ilikuwa saa nne asubuhi, hakuna wingu. Kishindo kilitoka upande wa mashariki, vioo vikatetemeka, kikafuata kingine. Wanachuo walinitazama. Niliwaambia ni baruti, watu wanapasua miamba watengeneze kokoto. Tukaendelea na somo.

Siku sita baadaye mwanachuo mmoja aliyetoka kwao Magu aliniambia, kama habari ya kupita tu, kwamba jiwe lilianguka kwenye jaruba la mpunga la jirani yao. Nilimuuliza siku na saa. Ilikuwa siku ileile ya kishindo, saa nne asubuhi.

Kesho yake nilifika kwenye mji wa yule jirani nikakuta turubai, na wanawake wameketi chini. Palikuwa na msiba. Mjukuu wa mwenye shamba, mtoto wa miezi minane, alikuwa amezikwa jana yake. Mkoba wangu wenye mizani na mifuko safi niliuficha nyuma ya jiko, nikakaa na wanawake wenzangu kuchambua mchele. Ndipo nikaelewa kutokana na maneno yao. Mtoto alishikwa na homa jioni ileile jiwe lilipoanguka. Alipofariki, ukoo ulikaa, ukaamua jiwe lisilale tena pale. Baba mdogo wa mtoto alilipeleka ziwani kwa mtumbwi mara tu baada ya mazishi.

Nilimfuata. Alisema lilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama, jeusi, na zito kuliko lilivyoonekana. Alipiga kasia mpaka akaona panatosha, akaliachia. Ni wapi hasa, hakuweza kusema. Alinionyesha maji yote kwa mkono.

Jioni nilikwenda kwa bibi wa mtoto, mwenye shamba, nikampa pole, nikamweleza mimi ni nani. Alinisikiliza akiwa ameegemea ukuta.

"Ndilo lililomuua?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Jiwe haliwezi kuleta homa. Huenda ni malaria."

"Basi kwa nini lilikuja kwetu?"

Nilimwambia mawe haya huanguka popote, hayachagui. Hata mimi nililisikia neno hilo likiwa dogo mno.

"Wewe umelisomea miaka yote hiyo," alisema, "na hilo ndilo jibu."

Hakusema kwa hasira. Aliniruhusu nichimbe kwenye shimo lililoachwa na jiwe, nami nikachekecha tope mpaka giza likaingia. Nilipata punje nyeusi za jiwe za kujaza kijiko cha chai.

Nilizipeleka kwa mtu niliyesoma naye, mwenye maabara huko nje. Majibu yalikuja baada ya miezi minne. Punje zilikuwa za kimondo, tena cha ile aina adimu yenye kaboni niliyoiandikia tasnifu yangu. Lakini zilikuwa chache mno na zimelowa tope kwa siku nyingi, hazitoshi kuandikishwa. Kwa hiyo katika orodha za dunia hakuna kimondo kilichoanguka Magu. Ningeondoka asubuhi ile ya kishindo, ningelikuta jiwe bado liko kwenye jaruba, na mtoto yuko hai. Pengine ningewaambia wamkimbize hospitali. Pengine ningelitazama jiwe tu.

Niliandika barua kadhaa kuomba wazamiaji. Nilijibiwa moja tu, kwamba chini pale ni matope matupu.

Baada ya mavuno nilirudi Magu na sukari na doti ya khanga. Mama wa mtoto alikuwa amerudi kwao, na hapakuwa na dalili kwamba angekuja tena. Bibi alinikaribisha uji. Tulizungumzia mvua, na bei ya pamba. Nilipoaga hakunisindikiza, miguu ilikuwa inamuuma.