Mkono Wangu na Damu ya Gaju

Siku ya kwanza kazini, pale kituo cha mifugo unapotoka Gitega kuelekea Ryansoro, Shefu Melkiori hakunipa ndoo. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa wakamuaji. Alinitazama kuanzia mtandio mpaka kandambili, akacheka.

"Mwanamke akamue ng'ombe? Kwetu hiyo iko mwiko. Zitakauka zote!"

Mi ni mtoto wa mtaa wa Waswahili, baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mwiko huo sikulelewa nao. Nikamjibu, "Shefu, ng'ombe mwenyewe iko mwanamke. Atanionea haya ya nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Basi akanipa Gaju, ng'ombe mwekundu mwenye mateke, ili anifukuze. Hakunifukuza. Nilimpapasa ubavu, nikamwimbia polepole, akashusha. Kushusha ndilo neno letu: ng'ombe akikupenda huteremsha maziwa, akikukataa huyabana juu, na hapo utavuta chuchu mpaka uchoke.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini kazi yenyewe naweza kuwaeleza, wajukuu. Kila ndoo ilipimwa kwenye mizani asubuhi na jioni, tukitaja jina la ng'ombe kwa sauti: Gaju, Bihogo, Sine, Mugondo. Dogiteri Leonidasi, mkuu wa kituo, alikuwa anatafuta kiwango cha urithi. Maana yake ni hivi. Ng'ombe mmoja anampita mwenzake kwa maziwa. Katika kupitana huko, kiasi gani kinatoka kwenye damu ya wazazi, na kiasi gani kwenye majani, mvua na anayekamua? Cha damu kinarithiwa. Majani hayarithiwi.

Gaju akawa anawapita wote. Akazaa dume, nami nikafurahi kama nimepata mjukuu. Ndipo Dogiteri akaniita.

"Mama Zena, huyu dume nataka awe baba wa kundi. Lakini Gaju anakamuliwa na wewe tu. Nitajuaje kama ni damu yake au ni mkono wako?"

"Ni vyote viwili, Dogiteri."

"Alors, mi lazima nivitenganishe. Kama ni mkono wako, dume anaenda kwa mchinjaji."

Akaamua wakamuaji wabadilishane ng'ombe. Tena ng'ombe mabinti wa baba mmoja wagawanywe, wengine wabaki Gitega, wengine wapelekwe Gasorwe, kule Muyinga, penye majani mengine. Mi nikapangwa Gasorwe. Gaju abaki.

Asubuhi ya kuondoka, Shefu Melkiori alinikuta nimeegemea shingo ya Gaju.

"We mama, unalia kama unaozesha!"

"Harusi ningekula pilau, Shefu."

Nikamnong'oneza Gaju amshushie yeyote. Lakini moyo wangu ulitaka vitu viwili visivyokaa nyumba moja: dume apone, na Gaju asinisahau.

Kule Gasorwe nikawakamua dada zake wa baba mmoja, wapole, wazuri, na kila jioni nikasubiri simu ya Shefu. "Amebana." Kesho yake, "Amebana tena, na teke amenipa." Nilikuwa namwona akilini yule ndama amefungwa kamba, anavutwa kwa mchinjaji. Halafu jioni moja Shefu akapiga huku anapiga kelele: "Mama Zena, ameshusha! Amenishushia mi, mwenye mikono ya jembe! Ndoo imejaa!"

Nikasema Alhamdulillah. Kisha nikakaa chini kwenye majani, maana Gaju alikuwa amenisahau.

Akaendelea hivyo, na uzao uliofuata akarudia kiasi kilekile. Hilo wataalamu wanaliita kujirudia. Na dada zake, Gitega na Gasorwe, wote walikuwa juu. Dogiteri akaja mwenyewe kunieleza.

"Ni damu, mama. Dume amepona."

"Na mkono wangu uko wapi katika hesabu?"

"Ukishaondoa damu, majani na mvua, kinabaki kitu ambacho hatuwezi kukitaja ni nini hasa. Tunakiita mabaki. We uko humo."

Wenzangu wakaniita Mama Mabaki mpaka nikastaafu. Gaju alizeeka akafia Gitega, na Shefu Melkiori ndiye aliyemshika kichwa. Mi nilikuwa Gasorwe, nakamua.

Sasa nakaa Muyinga mjini kwa mwanangu Zena, maziwa tunanunua. Wajukuu wa lile dume wametapakaa kwenye vilima hivi. Wanakamuliwa na watu nisiowajua, kwa nyimbo nyingine au bila wimbo, nao wanashusha. Nililiomba mwenyewe jambo hilo, na Mungu amelitimiza. Ila alfajiri, kabla ya adhana, vidole vyangu hujikunja vyenyewe juu ya shuka, kulia, kushoto, kulia, vikitafuta.