Kilo Tatu za Mama

Mama aliongezeka kilo tatu kwa mwezi mmoja, akafurahi kupita kiasi. Moyo wake unamsumbua miaka kadhaa sasa, na mwanzoni mwa ugonjwa alikonda hadi gauni zake za kanisani zikawa zinamning'inia. Kwa hiyo siku ile alipotoka Nyololo, Mufindi, kuja kliniki kwetu Mbeya, akapanda mzani na kusomewa kilo, aliwatangazia wagonjwa wote kwenye benchi: "Nimenenepa! Mume wangu ananipikia mwenyewe!"

Ni kweli. Baba, ambaye sikuwahi kumwona ameshika mwiko, siku hizi anamkorogea uji wa ulezi asubuhi na kumchemshia maharage yasiyo na chumvi. Majirani wanamcheka, naye hajali.

Daktari hakufurahi. Kwa mgonjwa wa moyo, kilo zinazokuja haraka hivyo mara nyingi ni maji. Akaniambia nimpime, maana kazi yangu pale ni mashine ya kupima maji mwilini. Nabandika stika mbili mkononi na mbili mguuni, napitisha umeme mdogo ambao mtu hausikii, na mashine inapima unavyozuiwa njiani. Ukipita kirahisi mno, maji yamezidi. Kama ni maji, vidonge vinaongezwa. Kama ni mwili, anaachwa ale.

Nikabandika, nikabonyeza. Mashine ikasema hana maji ya ziada hata kidogo.

"Si nilikuambia?" Mama akacheka mpaka machozi.

Nami nilitaka sana kuamini. Lakini stika ya mguuni ilikuwa inajikunja pembeni. Nikapitisha kidole kwenye ngozi, kikateleza. Alikuwa amejipaka mafuta ya mgando tangu vidoleni hadi magotini, na umeme wangu ulikuwa unakwama hapo hapo juu ya ngozi.

"Mama, si nilikuambia kwenye simu usijipake?"

"Sasa nije hospitali nimepauka? Waseme binti anafanya kazi hapa, mama yake ana miguu kama ya kuku?"

Baridi ya Mufindi inapasua ngozi, na kwetu mtu kutoka nyumbani amepauka ni aibu ya ukoo mzima. Sisi wenyewe tulikuwa tunakaguliwa miguu mlangoni kila Jumapili. Tena kosa lilikuwa langu. Mgonjwa mwingine yeyote ningemfuta kwanza. Kwa Mama nilikuwa na haraka ya kusikia habari njema, na nilijikasirikia kweli kweli.

Nikaleta maji ya moto na sabuni, nikamwosha miguu, nikamalizia na spiriti. Nilimwosha polepole, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yeye akanisimulia jinsi Baba alivyounguza ndizi wiki iliyopita na kuzila zote mwenyewe ili asimpe mgonjwa kitu kibaya. Tulicheka sote wawili. Kisha nikabandika stika mpya.

Ilikuwa maji. Nikarudia mara ya tatu, jibu likawa lile lile.

"Yote?" akauliza.

"Karibu yote, Mama."

Akatazama dari kidogo, akashusha sketi yake vizuri. "Baba yako usimwambie. Mwambie nimenenepa. Amepika sana, yule."

Nilimsindikiza stendi, na basi lilipoondoka nikampigia Baba. Nikamwambia Mama yuko njiani, ameongezeka kilo tatu, amenenepa, hongera mpishi. Baba akacheka, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Sasa vile vidonge vya maji," akauliza, "vimekuwa vingapi?"

"Viwili asubuhi, Baba. Kimoja mchana."

"Haya, nitampa. Ila usimwambie kama najua."